Mama Mjamzito Mwenye Malaria Apimwe Sukari

Askari hufundishwa tangu siku zake za ukuruta kwamba adui wa kuogopwa zaidi si yule anayejitokeza uwanjani, bali ni yule aliyejificha majanini. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, majeshi yaliyopigana katika nchi za Afrika ya Mashariki yalipoteza watu wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na malaria ilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyowaangusha zaidi. Mpaka hivi leo Uganda ingali mojawapo ya nchi zinazobeba mzigo mkubwa kabisa wa ugonjwa huo duniani. Hayo kila mwanajeshi na kila polisi anayajua, kwa kuwa ni nadra kumkuta kati yao ambaye hajapata kutetemeka kwa homa hiyo.

Lakini leo hatukusudii kuzungumza juu ya malaria ya askari aliye lindoni. Tunakusudia kuzungumza juu ya malaria ya mke wake aliye mjamzito, ya dada yake, na ya askari mwanamke mwenyewe anapokuwa na mimba. Na hasa tunataka kulieleza jambo moja ambalo halisemwi mara nyingi makambini, nalo ni kwamba mama mjamzito mwenye malaria anaweza kufa kwa kupungukiwa na sukari katika damu, hata wakati dawa ya malaria inaendelea kuwaua wadudu mwilini mwake.

Maoni yetu tunayatoa waziwazi tangu mwanzo. Tunaona kwamba mama mjamzito yeyote anayefikishwa zahanati akiwa na malaria kali, au akiwa amebadilika akili, lazima apimwe sukari ya damu papo hapo, kisha apimwe tena na tena mpaka atakapopona. Tunaona pia kwamba jambo hili si la madaktari peke yao. Linamhusu mume, jirani wa kambini, kamanda, na polisi anayesimama barabarani usiku.

Kwanza ni vyema tufahamu jinsi hatari hii inavyotokea. Neno posho kila askari analijua vizuri. Kikosi kilichokatiwa posho hakiwezi kushikilia mahali pake hata kikiwa na silaha nzuri namna gani. Basi sukari iliyomo katika damu ndiyo posho ya ubongo. Misuli inaweza kujiwekea akiba, na ini linayo akiba yake, lakini ubongo hauna ghala la maana. Hupokea posho yake kutoka katika damu kila dakika, usiku na mchana. Posho hiyo ikipungua, mtu huanza kutetemeka na kutoka jasho. Ikipungua zaidi, huchanganyikiwa. Ikikatika, huzimia, na asipopata msaada upesi hufa au hubaki na ubongo ulioharibika.

Sasa tuangalie yanayompata mama mjamzito akiingiwa na malaria. Vimelea vya malaria huishi ndani ya chembe nyekundu za damu, na chakula chao ni sukari ile ile. Kadiri vinavyozaana ndivyo vinavyokula. Homa nayo huufanya mwili uunguze nguvu nyingi kuliko kawaida, na wakati huo huo mgonjwa hawezi kula, na kile kidogo alichokula hukitapika. Ini, ambalo kazi yake mojawapo ni kutengeneza sukari wakati wa njaa, huelemewa na ugonjwa na kushindwa kutimiza wajibu wake. Juu ya hayo yote yupo mtoto tumboni, ambaye huchukua sehemu yake ya sukari kutoka kwa mama bila kungoja. Kwa hiyo posho moja inagombewa na watatu: mama, mtoto na mdudu. Si ajabu basi kwamba sukari ya mama mjamzito inaweza kushuka hata kabla hajapewa dawa yoyote, na wakati mwingine hata pale ambapo malaria yenyewe haikuonekana kuwa kali.

Jambo la pili linahusu dawa. Kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini kwinini ilikuwa tegemeo kubwa la kutibu malaria kali. Dawa hiyo hutoka katika gamba la mti wa sinkona wa Amerika ya Kusini, nayo ilitenganishwa kutoka katika gamba hilo mwaka 1820 na wanasayansi wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou. Imeokoa watu wasiohesabika, na hatuna haki ya kuidharau. Hata hivyo, kwinini ina tabia moja ambayo ilichelewa kufahamika. Hulichochea kongosho litoe insulini kwa wingi, na insulini ndiyo inayoiondoa sukari katika damu na kuiingiza katika nyama za mwili. Ni kama mtu aliyempa mtunza ghala amri ya kugawa posho yote kwa siku moja.

Mwaka 1983 madaktari waliokuwa wakifanya kazi nchini Thailand, miongoni mwao Nicholas White na David Warrell, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kuhusu jambo hili. Walionyesha kwamba wagonjwa wa malaria kali waliotibiwa kwa kwinini waliweza kushukiwa na sukari kwa kiasi cha kutisha, na kwamba insulini ilikuwa nyingi katika damu yao. Akina mama wajawazito walikuwa miongoni mwa waliokumbwa zaidi. Sababu yake inaeleweka, kwani wakati wa ujauzito kongosho huwa tayari limeamka na hutoa insulini upesi zaidi kuliko kawaida. Tangu hapo madaktari wengi wakajifunza kumtazama kwa jicho jingine mgonjwa aliyezidiwa akiwa tayari katika dripu ya kwinini. Kabla ya hapo mgonjwa kama huyo alihesabiwa kwamba malaria imempanda kichwani, akaongezewa dawa ile ile iliyokuwa ikimmalizia sukari.

Siku hizi ipo dawa iliyo bora zaidi kwa malaria kali, nayo ni atesuneti ya sindano. Inafaa askari waijue historia yake, kwa sababu ilianzia katika mahitaji ya jeshi. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa kuwa wapiganaji wa Vietnam walikuwa wakiangamia msituni kwa homa hiyo. Katika kazi hiyo mwanasayansi mwanamke, Tu Youyou, pamoja na wenzake, waliipata dawa ya artemisini kutoka katika mmea uliokuwa ukitumiwa na waganga wa Kichina tangu zamani. Na mwaka 2015 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel. Atesuneti ni mtoto wa dawa hiyo.

Mwaka 2005 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi nne za Asia. Kati ya wagonjwa waliopewa kwinini walikufa asilimia 22, na kati ya waliopewa atesuneti walikufa asilimia 15. Mwaka 2010 ukafuata uchunguzi mwingine wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwemo, nao ukathibitisha kwamba atesuneti huokoa maisha zaidi. Katika chunguzi zote mbili, wagonjwa wa atesuneti walishukiwa na sukari mara chache kuliko wale wa kwinini. Shirika la Afrika Duniani... la hasha, si la Afrika peke yake: ni Shirika la Afya la dunia nzima, yaani WHO, linaloshauri kwamba mama mwenye malaria kali apewe atesuneti katika kipindi chochote cha mimba, kwa sababu kuchelewa kumtibu ni hatari kubwa kuliko dawa yenyewe.

Lakini hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wawe waangalifu. Wapo wanaofikiri kwamba, kwa kuwa kwinini imepewa nafasi ya pili, basi hatari ya kuishiwa sukari imekwisha. Hilo si kweli. Dawa mpya haimlazimishi mdudu aache kula sukari aliyokwisha kula, wala haimrudishii mama chakula alichotapika kwa siku tatu. Na kwinini yenyewe haijatoweka. Ingali ikitumika pale atesuneti inapokosekana. Kwa hiyo kipimo cha sukari kinahitajika kwa vyovyote vile.

Kwa nini tunaliandika jambo hili kwa askari hasa? Zipo sababu, na ya kwanza ni uhamisho. Mtu aliyekulia mahali penye mbu wengi huumwa malaria tangu utotoni, na mwili wake hujijengea kinga ya kiasi fulani. Mimba huipunguza kinga hiyo, hasa mimba ya kwanza, kwa sababu vimelea hujificha katika kondo la nyuma na kumfanya mama apungukiwe na damu, na mtoto azaliwe na uzito mdogo. Lakini aliyekulia mahali pasipo na mbu wengi hana hata ile kinga ya awali. Huyo ndiye anayeshikwa na malaria kali yenye kuzimia na kuishiwa sukari.

Sasa tumfikirie mwanamke aliyezaliwa katika milima ya Kigezi, ambako baridi huwapunguza mbu, ingawa mvua za El Niño zilileta mlipuko wa malaria huko Kabale mwaka 1998. Anaolewa na askari. Askari anahamishiwa upande wa Lango, naye anamfuata akiwa na mimba ya kwanza. Katika wilaya ya Apac, iliyo katika Lango, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka mmoja. Hayo yalikuwa makadirio ya miaka ile, lakini yanatosha kutuonyesha tofauti iliyopo kati ya makwao na kituo kipya. Askari alipewa amri ya uhamisho kwa maandishi. Mwili wa mkewe haukupewa notisi. Ndiyo maana tunasema kwamba mke mjamzito aliyetoka nyanda za baridi ahesabiwe kambini kuwa mtu wa kuangaliwa zaidi, si kuwa mgeni anayedekeza homa.

Sababu ya pili ni kwamba askari mara nyingi hayupo nyumbani. Amri ya safari haingoji mtu ajifungue. Tangu mwaka 2007 wanajeshi wa Uganda wamepelekwa Somalia kulinda amani, na wengi wao waliwaacha wake zao makambini kwa miezi mingi. Mama anapozidiwa usiku, wa kwanza kumwona ni jirani. Na jirani huyo huenda ametoka Teso, na mgonjwa ametoka Ankole. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili hiki hiki cha kambini. Basi ni lazima dalili za hatari zijulikane kwa Kiswahili kwa kila aishiye humo.

Dalili zenyewe ni hizi. Mama hutoka jasho jingi la baridi, hutetemeka, moyo humwenda mbio, huona njaa kali au wasiwasi asioweza kuueleza. Baadaye maneno yake hupotea njia. Huenda akakasirika bila sababu, akakataa kujibu, akayumba akitembea, au akalala usingizi mzito asioweza kuamshwa. Anaweza kushikwa na degedege, na watu wakadhani ni kifafa cha mimba peke yake. Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mawingu haya yana udanganyifu ndani yake, kwa sababu jasho na kutetemeka ni dalili za malaria yenyewe pia. Hakuna mtu, hata daktari hodari, anayeweza kutofautisha kwa macho tu. Kipimo ndicho kinachotofautisha. Tone moja la damu kutoka kidoleni, na katika muda usiofika dakika moja jibu linapatikana. Sukari ikiwa chini ya milimoli 2.2 kwa lita, mgonjwa huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa. Na hata kabla ya kufika hapo, mama mjamzito asingojewe.

Hapa tunalo neno maalumu kwa ndugu zetu polisi. Mtu aliyeishiwa sukari hufanana sana na mlevi. Huyumba, husema maneno yasiyounganika, huwapiga wanaotaka kumsaidia, na pengine huanguka kando ya njia. Polisi akimkuta mwanamke mjamzito katika hali hiyo, asianze na maneno ya kumdhihaki, wala asifikirie mahabusu kwanza. Mahabusu kwa mgonjwa wa namna hiyo ni hukumu ya kifo iliyotolewa bila hakimu. Ampeleke kwanza kituo cha afya. Akithibitika kuwa ni mlevi, sheria haitakuwa imekimbia; bali akiwa ni mgonjwa, polisi atakuwa ameokoa roho mbili.

Vivyo hivyo katika vizuizi vya barabarani. Bodaboda inayombeba mama mjamzito aliyezidiwa usiku isicheleweshwe kwa maswali ya leseni na taa. Namba ya pikipiki iandikwe, njia ifunguliwe, na ikiwezekana apewe gari la kumfikisha.

Nyumbani kuna kazi mbili. Ikiwa mama bado ana fahamu na anaweza kumeza bila kupaliwa, apewe mara moja maji yenye sukari nyingi, au chai ya sukari, au soda, huku usafiri ukitafutwa. Hiyo si badala ya hospitali. Ni posho ya njiani. Lakini ikiwa hana fahamu, asimiminiwe kitu chochote kinywani, kwa kuwa kitaingia mapafuni na kumuua kwa njia nyingine. Alazwe ubavu, ikiwezekana ubavu wa kushoto, asiachwe peke yake, akimbizwe. Huko zahanati atatiwa sukari kupitia mshipani, na kama kipima sukari hakipo na dalili zinaelekea huko, mhudumu amtie sukari bila kungoja. Hatari ya kumpa sukari mtu asiyeihitaji kwa saa moja ni ndogo mno ikilinganishwa na hatari ya kumnyima anayeihitaji.

Tena tusisahau kwamba sukari ikishapanda inaweza kushuka upya baada ya saa chache, hasa kwa mgonjwa wa kwinini. Mama aliyezinduka asubuhi na kuzungumza na ndugu zake anaweza kuzimia tena jioni, wakati kila mtu amekwisha shukuru na kwenda zake. Ndiyo maana tumesema apimwe tena na tena. Ndugu anayekaa kando ya kitanda asione haya kumwuliza mhudumu, kwa adabu, kama sukari imepimwa tangu alfajiri.

Kwa upande wa makamanda, tunatoa ombi ambalo gharama yake si kubwa. Kila zahanati ya kambi ya jeshi au polisi iwe na kipima sukari kinachofanya kazi, vijiti vyake visivyopitwa na wakati, na chupa za sukari ya mshipani. Vitu hivi vikaguliwe kama silaha zinavyokaguliwa, kwa daftari na sahihi. Bunduki isiyo na risasi haina kazi, na kipima sukari kisicho na vijiti hakina kazi vilevile. Pia kila kambi iwe na orodha ya akina mama wajawazito ambao waume zao wako safarini, na ijulikane ni gari gani litakalowabeba usiku, na funguo zake zinakaa kwa nani. Orodha kama hiyo haihitaji bajeti mpya. Inahitaji mtu mmoja mwenye kalamu na kamanda mmoja mwenye kuuliza.

Pamoja na hayo yote, kinga inabaki kuwa bora kuliko tiba. Mama mjamzito alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata katika nyumba finyu za kambini ambamo kukitundika ni taabu. Ahudhurie kliniki mapema. Kuanzia mwezi wa nne wa mimba apewe vidonge vya SP vya kuzuia malaria, kwa nafasi isiyopungua mwezi mmoja kati ya dozi na dozi, na apate dozi zisizopungua 3 kabla ya kujifungua. Mama anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapewi SP, na mhudumu atamweleza. Homa ikimshika, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Asinunue vidonge dukani kwa kubahatisha, na asiambiwe kwamba mimba ndiyo inayoleta homa. Tangu mwaka 2022 WHO imekubali vidonge vya atemetha na lumefantrini vitumike kwa malaria isiyo kali hata katika miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo hakuna tena sababu ya kumwambia mama asubiri mpaka mimba ikomae.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wanawake, na kwamba ukurasa unaosomwa na askari ungefaa kuzungumzia nidhamu na ulinzi. Sisi tunawajibu kwamba hii ndiyo nidhamu, na huu ndio ulinzi. Askari aliye lindoni mbali na kwao, huku hajui kama mkewe mgonjwa amepata mtu wa kumpeleka hospitali, hana moyo wote kazini. Na taifa linalomtaka atoe maisha yake kwa ajili ya raia lina deni la kumlindia wale aliowaacha nyuma. Deni hilo, katika jambo hili tulilolizungumzia, linaweza kulipwa kwa tone la damu, kijiti cha kupimia, chupa ya maji ya sukari, na mtu aliye macho usiku. Tunawaomba makamanda waanze kulilipa kabla ya mvua nyingine hazijaleta mbu wake.